Chupa ya Damu ya Bi Harusi

Bi harusi wa Unguja, katika wiki yake ya mwisho ya usichana, haonwi na jua. Hufungiwa chumbani, akasingwa mwili mzima kwa unga wa liwa na manjano asubuhi na jioni, akafukizwa udi, na kazi zote za nyumba akaharamishiwa, hata ya kuokota ufagio ulioanguka. Mashavu aliingia ndani siku ya Ijumaa, nyumbani kwa bibi yake, Bi Mwatima, katika uchochoro mmoja wa Mkunazini. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Nikaha ilipangwa Ijumaa ya pili yake, baada ya sala ya Alasiri. Na ilipofika Jumapili bi harusi alikuwa amekwisha kupata rangi ya embe lililoiva, kuanzia paji la uso mpaka kucha za miguu.

Alizitii amri zote za bibi yake isipokuwa moja. Bi Mwatima alitaka redio izimwe, kwa kuwa bi harusi hupaswa kusikiliza nasaha, si makelele ya mpira. Mashavu alijibu kwamba redio ile ndiyo mshenga wao, na si adabu kumzima mshenga. Alisema kweli. Gharib, huyo mchumba wake, fundi wa redio wa Darajani, aliitwa kuja kuitengeneza, akaitengeneza siku hiyo hiyo, kisha akaja mara mbili nyingine bila ya kuitwa, akidai kuwa amepita kuiuliza hali.

"Sijapata kuona tabibu kama huyo," Bi Mwatima alikuwa akisema. "Mgonjwa yuko mezani, yeye macho yake mlangoni!"

Jumapili hiyo Gharib alikuwa akiichezea timu ya mtaa wake katika uwanja mpya wa Amani. Ulikuwa mchezo wake wa mwisho kabla ya kuoa, na mwenyewe aliahidi kufunga bao moja liwe zawadi. Mashavu alilisikia bao hilo. Alisikia pia yaliyofuata: mtangazaji akipaza sauti kuwa Gharib ameupata tena mpira, amempita wa kwanza, ameingia, halafu amegongana na mlinzi na kupigwa goti la ubavuni. Kisha mtangazaji akashusha sauti. Gharib, alisema, hajainuka bado. Machela inaingia.

Jua halijatua Mzee Jecha alipobisha hodi. Huyu alikuwa ami yake Gharib na ndiye aliyemlea, mtu mnene wa maneno mengi, lakini jioni hiyo maneno yalikuwa yamemkauka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango bila ya kukaribishwa.

"Bandama, Bi Mwatima," alisema. "Mtoto bandama lake limepasuka. Dakta anasema lilikuwa limevimba siku nyingi kwa hizi homa zetu za malaria, mwenyewe hana habari. Goti moja tu, likachanika kama papai. Anavuja damu ndani kwa ndani. Wanataka kumpasua walitoe."

"Kulitoa? Na mtu akaishi bila ya bandama?"

"Anasema mtu anaishi. Kinachokosekana ni damu ya kumtia, maana yake yote inamwagikia tumboni. Tumepimwa timu nzima pale, mmoja mmoja. Huyu haifai, yule haifai." Mzee Jecha alijipiga kifua. "Mimi ikafaa! Kundi moja na mwanangu. Nikakunja mkono wa kanzu. Ndipo dakta yule kijana akaniuliza, mzee umepata kuugua manjano? Nikasema kweli yangu, nimeugua mwaka juzi, na nshapona. Akanirudishia mkono wangu. Damu ya Jecha, Bi Mwatima! Imekataliwa kama sarafu ya bandia!"

Mashavu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumbani kwake. Alilivuta pazia lile, akatoka nje mbele ya mwanamume, wiki ya harusi yake, na manjano yake mwilini.

"Nnakwenda nipimwe mie," alisema.

Bi Mwatima hakumkemea kwa kutoka. Lililomtia hofu lilikuwa kubwa zaidi ya hilo. Alimshika mkono akamkalisha kitako juu ya mkeka, akazungumza naye taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyesimama ukingoni mwa dari.

"Mjukuu wangu, nisikilize. Ziwa la mama linaharamisha, wajua hilo. Watoto wawili wakinyonya kwa mama mmoja wamekuwa ndugu, hawaoani mpaka kiama. Wamkumbuka Mwanakhamis? Siku ya kupeleka mahari kikongwe mmoja akatokea akasema, hawa wote wawili mimi nimewanyonyesha. Harusi ikafa, biriani likaliwa na majirani. Hayo ni maziwa. Sasa damu, ambayo maziwa hutoka kwayo? Akiingizwa damu yako atakuwa nani wako? Mwanao? Ndugu yako? Maalim Simai hatakuozesheni."

Neno hilo lilikuwa zito, kwa sababu Maalim Simai ndiye mwenye kuozesha. Baba yake Mashavu alikuwa baharia, yuko melini, na kabla ya kuondoka alimpa maalim huyo uwakala wa kumwozesha binti yake. Maalim alimfundisha Mashavu Kurani tangu utotoni, na hakuna mtu Mkunazini aliyepata kumwona akilegeza jambo la sheria kwa ajili ya machozi ya mtu.

"Tumuulize kwanza," alisema Mzee Jecha.

"Kaenda Makunduchi mazikoni. Atarudi kesho."

"Kesho!" Mzee Jecha alishika kichwa. "Dakta anahesabu saa, Bi Mwatima, si siku."

Mashavu aliitazama redio juu ya meza, imezimwa sasa, na alama ya kidole cheusi cha fundi ingali juu ya kifuniko chake. Alipima mwenyewe, bila ya sheikh wala daktari. Kisha akainuka, akachukua buibui lake msumarini.

"Bibi, akiwa ndugu yangu aliye hai, ntampelekea mkono wa Idi kila mwaka. Akiwa mchumba wangu aliyekufa, huo mkono ntampelekea wapi?"

Bi Mwatima naye akatafuta viatu vyake.

Hospitali ilikuwa si mbali kwa miguu, Mzee Jecha akatangulia. Daktari wa zamu alikuwa Dakta Shamsi, kijana wa Malindi aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, mwembamba, mwenye miwani na haraka. Alimwona Mashavu akikunja mkono wa buibui chini ya taa, akaruka nyuma.

"Huyu naye ana manjano! Tazama mkono! Tazama shingo! Dada Biasha, nani kamleta mgonjwa huyu kutoa damu?"

Muuguzi Biasha, mama wa makamo aliyevaa nguo nyeupe iliyonyooshwa mpaka ikasimama yenyewe, alimsogelea Mashavu, akanusa, akafumba mdomo asicheke.

"Dakta, huko Ulaya walikufundisha mengi wakakusahaulisha nyumbani. Huyu si mgonjwa. Huyu bi harusi."

Daktari alimfunua kope akaona macho meupe kama nazi, akasugua kidogo kwa pamba iliyolowana, na manjano yakatoka na harufu ya asumini. Masikio yalimwiva kwa aibu. Lakini Mzee Jecha alikuwa ameipata nafasi yake.

"Aha! Kumbe mwapima kwa macho! Basi na mimi nipimwe tena!"

"Mzee wangu, yako hayafutiki kwa pamba," alisema Dakta Shamsi, kwa heshima. "Zamani tungeichukua. Lakini miaka hii ya karibuni wataalamu wamegundua kuwa mtu anaweza kupona manjano, akanenepa, akacheka, na ugonjwa ukabaki umejificha ndani ya damu yake. Kipo kitu chenyewe, kidogo sana, wamekikamata humo humo damuni. Wewe hakikudhuru. Nikimtia Gharib, namtoa kwenye kifo cha leo, namtia kwenye kifo cha kesho."

Mzee Jecha alikaa kwenye benchi, akakunjua mkono wa kanzu yake, akakubali.

Biasha alimchoma Mashavu kidole, akaweka matone ya damu juu ya kigae cheupe, na kila tone akalitilia dawa yake kutoka kwenye vichupa. Alimwonyesha kwanza kigae cha mchezaji mmoja wa timu. Damu yake ilikuwa imejitenga vipande vipande.

"Waona? Kama tui lililokatika," alisema. "Chembe za damu zina alama zake, mwanangu, wengine wanazo hizi, wengine zile. Gharib hana hata moja, ndiyo kundi lake, kundi la O. Na mwili usiokuwa na alama haumpokei mwenye alama. Humkamata mlangoni. Damu ikakatika ndani ya mishipa kama hivi, mtu akafa."

Mashavu alikitazama kigae chake yeye. Alikuwa amewahi kusimamia tui jikoni kwa hofu, siku ya wageni, akikoroga na kuomba lisikatike. Hajapata kuomba kama alivyoomba hapo. Matone yalitulia, laini, mekundu, bila ya punje.

"Yako haina alama," alisema Biasha. "Laza mkono."

Damu ikateremka katika mpira mwembamba, ikaanza kuijaza chupa. Bi Mwatima alikuwa amekaa karibu akivuta tasbihi, uso ameugeuzia ukutani. Mashavu yeye aliitazama chupa. Aliwaza kuwa kila inapopanda kidole kimoja, Gharib anazidi kuwa ndugu yake na kupungua kuwa mume wake. Hakuuondoa mkono. Chupa ilipojaa ilifunikwa, ikapelekwa mbio upande wa pili wa ukuta, na bi harusi akapewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akainywa huku machozi yakimteremka yakifanya mifereji katika liwa.

Gharib alipasuliwa, bandama likatolewa, na alfajiri alikuwa hai. Asubuhi ile ile askari mmoja wa zimamoto aliyesikia habari msikitini alikuja mwenyewe kupimwa, akafaa, akatoa chupa ya pili. Kufika adhuhuri mgonjwa alifumbua macho, akauliza bao lake limekubaliwa au refa amelikataa.

Habari hiyo ilifika Mkunazini kabla ya wali kuiva, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Lakini Mashavu hakurudi chumbani kusingwa. Alikaa na nguo zake za kazi, akafagia ua ambao haukuwa na takataka, na Bi Mwatima hakumkataza, kwani ufagio sasa hakuna aliyejua kama ni haramu kwake au halali.

Maalim Simai aliporudi kutoka Makunduchi alielezwa yote. Hakusema ndiyo wala siyo. Wale waliotaka jawabu la haraka aliwaambia kwamba jambo la ndoa halijibiwi mtu akiwa amesimama mlangoni na vumbi la safari. Akaingia kwenye vitabu vyake. Jumanne ikapita. Jumatano wapishi wakaja kuuliza kama mchele utiwe majini au urudishwe dukani, na Bi Mwatima akawajibu kuwa hata yeye anangoja.

Alhamisi, baada ya Adhuhuri, maalim alimwita Mashavu na bibi yake, akafuatana nao mpaka hospitali. Akasimama mbele ya kitanda cha Gharib, amevaa kilemba chake cha heshima, na Dakta Shamsi akaja upesi akifunga vifungo vya koti, kwa sababu naye alikuwa ameonja bakora ya maalim huyo utotoni, katika chuo cha Kurani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Vitabu vyangu nshavisoma, hukumu yake naijua. Lakini sipendi kuhukumu kitu nisichokijua kilivyo. Leo wewe ndiye maalim, mimi mwanafunzi. Nieleze. Damu hii mliyomtia kijana, ikishaingia, inafanya nini? Inaota? Inazaa?"

"Haizai, Maalim. Chembe nyekundu ya damu haina kiini ndani yake, haiwezi kuzaa nyengine. Kazi yake ni moja: huchukua hewa mapafuni, ikaipeleka kwenye nyama, ikarudi kuchukua nyengine. Mchana na usiku. Mwisho huzeeka ikafa."

"Baada ya muda gani?"

"Kama miezi minne hivi. Mwili huivunja, na mpya hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa yake mwenyewe. Hata mimi na wewe, Maalim, damu tuliyokuwa nayo mwaka jana leo hatunayo. Mashavu naye tayari mwili wake unajitengenezea nyengine mahala pa ile aliyotoa."

Maalim alikaa kwenye kiti. Ilionekana kwamba somo lilimpendeza.

"Kwa hiyo damu ni hamali," alisema.

"Naam, Maalim. Hamali hasa. Hamali wa hewa."

"Vyema. Bi Mwatima, njoo karibu, usinisikilize kwa mbali. Ziwa huharamisha kwa sababu mtoto mchanga hulelewa nalo. Nyama yake na mfupa wake hujengeka kwalo. Na sheria imeliwekea mpaka: awe hajatimiza miaka miwili. Gharib ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," Gharib alijibu kwa sauti ndogo, maana mshono ulikuwa ukimvuta.

"Basi ameipita miwili kidogo." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kucheka. "Na damu si ziwa, wala si chakula. Hamali akikubebea gunia mpaka ndani ya nyumba haandikwi katika mirathi."

Bi Mwatima hakuwa mtu wa kushindwa kwa swali moja. "Lakini Maalim, ndiyo iliyomweka hai. Hilo si malezi?"

"Kama ni hivyo, Bi Mwatima, yule askari wa zimamoto naye ni mama yake. Mpelekee habari, umwambie ana mtoto wa kuozesha kesho."

Wodi nzima ikavuma kwa kicheko. Gharib alishika tumbo akalalamika kwa maumivu, akisema, "Maalim, nihurumie, nyuzi zitakatika!" Na Dakta Shamsi, badala ya kutuliza watu kama ilivyompasa, alikuwa amevua miwani anafuta macho.

Ni Mashavu peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amekishika chuma cha kitanda.

"Maalim," alisema, "kwa hiyo si ndugu yangu?"

Mzee yule mkali alimtazama mwanafunzi wake, na kwa mara ya kwanza tangu alipomfundisha alifu, sauti yake ililainika.

"Si ndugu yako, mwanangu. Nawe ulimpa damu yako ukidhani kuwa atakuwa nduguyo. Hilo sikulikuta katika kitabu chochote." Akakohoa, akairudisha sauti yake mahala pake. "Kesho ni Ijumaa. Tarehe ya nikaha imebadilishwa?"

"Haijabadilishwa," alisema Bi Mwatima, kwa haraka iliyowashangaza wote. "Wala mchele haujarudishwa dukani."

Siku ya pili, baada ya Alasiri, wodi ya wanaume ilinukia udi badala ya dawa. Kila mgonjwa aliyeruhusiwa kula alipata kipande cha halua na kikombe cha kahawa, na waliokatazwa walipewa vishada vya asumini wavinuse. Timu nzima ilipanga mstari ukutani kwa kanzu nyeupe. Mzee Jecha alikaa kichwani pa kitanda kama mwenye nyumba, akimweleza kila aingiaye kwamba damu yake ilikuwa ya kundi lile lile barabara, isipokuwa tu elimu imeendelea mno.

Mashavu alikuwa kwenye chumba kidogo cha wauguzi, amesingwa upya, amejifunika leso mbili. Kwa ada, maalim humwendea bi harusi kwanza kumtaka ridhaa yake, na msichana mwenye haya hanyanyui kichwa wala hajibu. Kimya chake huwa ndiyo ridhaa, na wazee hukisifu kimya hicho muda mrefu baada ya harusi. Maalim Simai alisimama kizingitini, na mashahidi wawili nyuma yake.

"Mashavu, baba yako amenipa uwakala nikuoze kwa Gharib, kwa mahari mliyopatana. Je, ume—"

"Nimeridhia!"

Sauti ilifika wodini. Wachezaji wakashangilia kama siku ya bao. Bi Mwatima alijifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Haya iko wapi, mwana wee?" alinong'ona, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Nikaha ikasomwa. Gharib alikalishwa kwa mito mitatu, mkono wake katika mkono wa maalim, akasema, "Nimekubali kumuoa," kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi, lakini zilitosha. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Biasha, aliyesimama chini ya tangazo lililoandikwa KIMYA.

Kisha bi harusi akapelekwa kwa bwana harusi, kinyume cha ada, maana bwana harusi hakuwa na uwezo wa kumwendea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameinamisha macho sasa, haya yake yote ikiwa imemrudia. Gharib alinyoosha mkono aushike wake. Lakini Bi Mwatima, aliyekwishavunjiwa mila za kutosha kwa wiki moja, aliupiga kofi jepesi.

"Polepole, bwana! Mkono wa mwari haushikwi bure. Iko wapi zawadi yake, kipamkono?"

Gharib alijipapasa. Alikuwa amevaa shati la hospitali, na shati la hospitali halina mfuko. Alimgeukia ami yake. Ami yake akawageukia wachezaji. Wachezaji wakaanza kupekua kanzu zao.

Mashavu aliikunja leso mpaka kwenye kiwiko. Pale, katikati ya manjano na ua la hina, palikuwa na alama ndogo ya buluu ya sindano, ambayo singo yote ya siku ile haikuweza kuificha.

"Mwache, bibi," alisema. "Mkono nshautoa tangu Jumapili."

Akamshikisha.